Torgeir Hajawahi Kuandika "Nzuri"

Jumatatu, 2 Septemba

Mvua. Nimeamua kuandika shajara mpaka kazi iishe au mvua iishe, na kwa mji huu wa Bergen, anayetaka kuona mwisho wa jambo afadhali aitegemee kazi.

Kazi yenyewe ni kuihamisha Bismar. Bismar ni maktaba, ila haina vitabu. Ni maelfu ya kurasa za maagizo ya kompyuta, yanayokokotoa hatifungani, riba, na pensheni ya mtu atakayeishi mpaka miaka tisini na mitatu akimkera mkwewe. Iko wazi. Yeyote anaweza kuisoma, kuitumia bure, na kuleta marekebisho. Torgeir Hauso aliianza zaidi ya miaka ishirini iliyopita kwa lugha ya C++, na sasa lugha hiyo imekuwa kama mabomba ya nyumba ya zamani: maji yanatoka, lakini hakuna fundi kijana anayetaka kuingia chini ya sakafu. Kwa hiyo tunaiandika upya yote kwa lugha mpya iitwayo Rust. Ni msaragambo. Halipwi mtu.

Tuko watatu. Eivind anahamisha. Ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, ana mke mvumilivu, kwa sasa. Mimi napima: nauliza Bismar ya zamani na Bismar mpya swali lilelile, zikijibu tofauti hata kwenye desimali ya kumi, napiga kelele. Torgeir anaidhinisha. Hakuna mstari unaoingia kabla Torgeir hajausoma na kuweka jina lake. Hiyo ndiyo sheria, na ndiyo sababu watu wanaiamini Bismar.

Mfuko wa pensheni wa manispaa kadhaa za pwani umeahidi kuitumia Bismar mpya kuanzia Januari. Ikichelewa watanunua programu ya kampuni, iliyofungwa, ambayo hakuna mstaafu wala mjukuu wa mstaafu atakayeweza kufungua aone pensheni yake imekatwa wapi.

Ijumaa, 6 Septemba

Mvua.

Alhamisi, 19 Septemba

Torgeir kwa Eivind leo, mbele ya dunia nzima, maana kila tunachoandikiana pale kinasomwa na yeyote:

"Eivind. Mstari wa 212. Umegawanya kabla ya kuzidisha, desimali zimemwagika sakafuni. Nani alikufundisha hesabu, nimpelekee rambirambi?"

Eivind akanipigia. "Dada, huyu mzee atanitoa roho."

"Mstari wa 212 una kosa?"

"Una kosa."

"Basi rekebisha, acha kulia."

Mimi sikusoma shule ya mambo haya. Nilikuwa mpishi kwenye feri mpaka mgongo ulipokataa, nikalala miezi mingi na kompyuta ya kuazima kifuani. Elimu yangu yote nimeipata kwenye matusi ya Torgeir. Kitu cha kwanza nilichomtumia alikijibu hivi: "Hii si programu, hii ni supu. Tena haijakorogwa." Hakujua kazi niliyotoka. Nilicheka mpaka mgongo ukauma, kisha nikaanza upya. Kwa miaka mitano nimemwona kama mzee mwenye roho ya kutu, na kila siku nimeandika vizuri zaidi kwa kumwogopa.

Alhamisi, 3 Oktoba

Jambo geni. Eivind alipeleka sehemu nzima ya riba, kubwa kama godoro. Nilitayarisha kahawa nisome maafa. Jibu la Torgeir: "Nzuri. Asante."

Eivind amenitumia picha ya skrini mara tatu.

Jumatatu, 14 Oktoba

"Nzuri. Asante." Tena. Na tena. Hata ile faili ya Eivind ambayo mimi mwenyewe nimeiona imekaa upande.

"Mzee amelainika," Eivind anasema. "Umri, dada. Umri unalainisha watu."

Nimepika miaka mingi. Sijaona nyama ngumu ikilainika bila mtu kukaa karibu na jiko.

Jumapili, 27 Oktoba

Leo saa zimerudishwa nyuma. Sasa giza linaingia kabla hujamaliza kulalamika kuhusu mvua.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefanya ujanja. Nauandika hapa ili nisijifanye baadaye nilikuwa na nia safi.

Zamu yangu ni kalenda ya siku za kazi: ile faili inayojua benki zimefungwa lini, ili riba isihesabiwe siku ambayo hakuna anayelipa. Nimeichomoa Alhamisi ya kabla ya Pasaka. Kwenye kalenda yangu sasa, siku hiyo Wanorwe wote wako kazini. Hakuna mtu wa nchi hii anayeweza kulipita kosa hilo. Ndiyo siku watu wanapofunga mji na kwenda kwenye vibanda vyao vya milimani na machungwa na vitabu vya mauaji. Torgeir na mkewe Ingunn hawajawahi kuikosa. Kila mwaka siku hiyo hatumpati, na kila mwaka anatukumbusha wiki nzima kabla kwamba hatutampata.

Kipimo cha kalenda nimekizima kwanza, mashine isije ikaudaka mtego kabla yake. Kisha nikautuma.

Naomba anitukane.

Alhamisi, 7 Novemba

"Nzuri. Asante."

Jumatatu, 18 Novemba

Upepo. Pipa la taka la kituo cha basi limejaa miavuli iliyovunjika, miguu juu, kama popo wamechinjwa.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimempigia Torgeir siku tatu mfululizo. Anapokea Ingunn. Juzi mzee alikuwa amelala. Jana alikuwa bafuni. Leo ametoka kutembea.

Leo upepo umeng'oa bati la shule.

Jumamosi, 30 Novemba

Nimetoka kwao. Nguo bado zinachuruzika bafuni.

Asubuhi kabla ya kuondoka nilituma kipande kidogo kiidhinishwe, cha kusingizia. Nikanunua maandazi yenye krimu na nazi, nikapanda ngazi ndefu za Sandviken, mtaa wanakoishi, mgongo ukinihesabia kila moja. Ingunn alifungua mlango, akaujaza kwa mwili wake wote. Ni mwanamke mrefu, ameongoza kwaya ya kanisa maisha yake yote, anajua kuziba mlango.

"Ungepiga simu kwanza, Borghild."

"Nimepiga."

Akanipisha.

Torgeir alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, sweta safi, nywele zimechanwa na mtu mwingine. Mbele yake machungwa madogo yale ya Krismasi, yamemenywa yote, yamepangwa mstari mzuri. Hakuna lililoliwa.

"Borghild!" akasema, na nikafurahi. "Feri imetia nanga saa ngapi?"

"Nimeacha feri, Torgeir. Miaka saba sasa."

"Wamekufukuza? Kwa ile supu?"

Tukacheka wote wawili. Kwa muda ule sikujua kama anatania, na nadhani hata yeye hakujua. Nikamuuliza kuhusu desimali. Akanieleza kwa nini usigawanye kabla ya kuzidisha, vizuri sana, pole pole, kama anamweleza mtoto. Alipomaliza akanitazama, akanieleza tena tangu mwanzo.

Ingunn alikuwa jikoni, kahawa ikichemka. Torgeir alinyoosha mkono akasogeza chungwa moja kidogo, likae sawa na mengine.

Simu yangu ikatetemeka mfukoni.

*Torgeir Hauso ameidhinisha badiliko lako: "Nzuri. Asante."*

Nikamtazama Torgeir Hauso. Mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye machungwa.

Nikaenda jikoni. Kompyuta yake ilikuwa wazi kando ya mashine ya kahawa. Ingunn hakuifunga. Alijifuta mikono kwenye aproni polepole sana.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mwisho wa Septemba. Alikuwa akikaa mbele ya hiyo skrini kutwa nzima, Borghild. Mstari mmoja. Anasoma, anarudi, anasoma. Jioni moja nikamkuta analia. Nikamwambia, nenda kalale, nitawajibu kesho. Nikawajibu."

"Unajua ulichokuwa unaidhinisha?"

"Mimi? Mimi najua soprano na alto." Akacheka kidogo, uso ukakataa kuendelea. "Nyie ni watu wenye akili. Nilijua mnaandika vizuri. Nikasema, niwaambie tu ni nzuri. Na niwashukuru, maana yeye hakuwa akiwashukuru."

"Pensheni za watu zitapita humo, Ingunn."

"Najua."

"Daktari anasema nini?"

"Daktari anasema neno lenyewe, na mimi sitaki kulisema jikoni kwangu." Akanishika mkono. "Mpaka Krismasi tu. Kila asubuhi anauliza, 'Wameleta kazi?' Namwambia wameleta, umeshaimaliza. Anafurahi. Wakimwondoa, asubuhi nitamwambia nini?"

Nilikunywa kahawa yake, ilikuwa nzuri, nikashuka zile ngazi.

Jumanne, 3 Desemba

Sijamwambia Eivind. Ametuma sehemu nyingine. "Nzuri. Asante," anaandikiwa, naye anajibu kwa alama ya moyo.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimemwambia. Tulikuwa kwenye mkahawa, mvua inapiga kioo kama inadai kitu. Aliweka kijiko chini.

"Subiri. Zote?"

"Zote tangu mwisho wa Septemba."

"Dada, theluthi moja ya Bismar imepokea baraka za mwalimu wa kwaya?"

"Sema polepole."

"Niseme polepole nini? Nilimwambia mke wangu mzee amenikubali! Nilifungua chupa!" Macho yake yakajaa, akageukia dirisha. "Nilijua si mzuri kiasi hicho. Lakini mtu anataka kuamini, eti."

Baadaye akasema jambo ambalo nilikuwa nalo kooni siku tano. "Tukinyamaza, hakuna atakayejua. Vipimo vinapita. Mfuko unafurahi, Ingunn anafurahi, mzee anafurahi."

"Torgeir angesema nini?"

"Torgeir yupi?" akauliza.

Jumapili, 8 Desemba

Tulikwenda wote wawili. Tulipanga kuzungumza na Ingunn peke yake, tumwombe funguo za idhini kimya kimya, tutangaze kwamba Torgeir anapumzika. Mpango wa watu waoga, lakini wenye adabu.

Torgeir mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Kuna siku anakuwa yeye kabisa, na Mungu alituchagulia hiyo.

"Wawili," akasema. "Kwa hiyo mmekuja kunifukuza. Habari njema huja na mtu mmoja."

"Mzee, tumekuja kusalimia," Eivind akasema.

"Mwongo. Kaa. Ile sehemu ya riba imefikia wapi?"

Eivind ni mwalimu; hajui kudanganya akiulizwa swali la moja kwa moja. "Imeingia. Uliidhinisha Oktoba."

"Sikuidhinisha kitu."

Ingunn alisimama mlangoni pa jikoni na taulo mkononi.

"Leteni," Torgeir akasema. Nikampa simu yangu, kwa sababu alininyooshea mkono kwa namna ileile aliyokuwa akitunyooshea kidole kwa maandishi. Akaisogeza karibu na uso. Akasoma kwa sauti, kama anasoma kitu kilichookotwa jalalani.

"'Nzuri. Asante.'" Akasogeza chini. "'Nzuri. Asante.' 'Nzuri. Asante.' Hii nini?" Akageuka. "Ingunn. Hii nini?"

"Nilitaka upumzike, mpenzi."

"Kwa jina langu?"

"Torgeir..."

"Kwa jina langu, *nzuri*? Mimi nimewahi kuandika *nzuri*? Siku tuliyooana niliandika nzuri?" Mate yalimruka. "Miaka yote hii! Wanakuja watu na takataka zao, na benki zao, na haraka zao, nami nawaambia hapana, kwa sababu mtu mmoja lazima asome! Na wewe unawapa *nzuri* kama pipi!"

Ingunn alikuwa analia bila sauti, wima, kama mtu anayesubiri wimbo uishe ili aketi. Ningependa kuandika kwamba nilimtetea. Nilitazama zulia.

Torgeir akarudisha simu. "Zifuteni."

"Haziwezi kufutwa, mzee," Eivind akasema, taratibu sana. "Historia ya Bismar haifutwi. Sheria yako."

"Sheria yangu," akasema Torgeir. Akafikiri. Nilimwona akifikiri, ilikuwa kama kumtazama mtu akipanda zile ngazi za nje. "Basi andika, Borghild. Naziondoa idhini zote zilizotolewa kwa jina langu tangu mwisho wa Septemba. Sikuzisoma. Siwezi tena kusoma. Kuanzia leo jina langu lisihesabiwe."

Nikaandika. Akanitaka nimsomee mara mbili. Nilipojaribu kupachika maneno "kwa sababu za kiafya", akaniambia: "Toa. Hiyo ni supu."

Nikatuma. Dunia nzima ikaona.

Tulipokuwa tunavaa viatu, alikuja mlangoni akaniuliza kama feri inaondoka leo na upepo huu.

Jumanne, 10 Desemba

Watu wasiotufahamu wameandika mengi. Wengine wanamsifu, wengine wanauliza ni lini tutafunga duka. Bibi mmoja wa mfuko wa pensheni alipiga simu, sauti kama friji. Wanatupa mpaka tarehe kumi na tano Januari, wataiacha mitambo ya zamani iwake wiki mbili zaidi. Wiki mbili, sio siku moja zaidi.

Tunasoma upya kila kitu. Mimi nasoma na kuidhinisha ya Eivind, Eivind anasoma na kuidhinisha yangu.

Jumatano, 18 Desemba

Makosa yapo. Moja lingemkata mjane asilimia kumi ya haki yake kila mwaka wenye Februari ya siku ishirini na tisa, na vipimo vyangu vilikuwa vimelipita vikipunga mkono. Nimemwandikia Eivind: "Mstari wa 88. Wanafunzi wako wanajua unaandika hivi, au umewaficha?"

Akapiga simu. Nilidhani amekasirika. "Asante," akasema. "Kumekuwa kimya sana."

Jumanne, 24 Desemba

Mbavu za kondoo. Mvua. Nimewapelekea Ingunn na Torgeir sahani. Ingunn alipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani. Ana haki.

Alhamisi, 2 Januari

Mke wa Eivind amehamia kwa dada yake "mpaka Bismar iishe". Eivind anasema ni utani. Anapika tambi kila siku.

Ijumaa, 10 Januari

Ingunn alinipigia. Sikutarajia. Anasema Torgeir haulizi tena kama tumeleta kazi. Anauliza kitu kimoja tu, kila asubuhi: "Zile *nzuri* zimeondoka?" Anamwambia zimeondoka. Dakika kumi baadaye anauliza tena.

"Nipe kitu cha kumsomea," akasema. "Chochote cha Bismar. Hata kama haelewi. Nisome nini mimi, Borghild? Habari za gazetini zinamtisha."

Nikamtumia kalenda, maana ndiyo faili pekee ambayo binadamu wa kawaida anaweza kuisoma kwa sauti. Majina ya sikukuu, moja chini ya nyingine, kama orodha ya kwenda dukani.

Jumatatu, 13 Januari

Tumemaliza kusoma. Za Eivind nimezipitia zote, mstari kwa mstari. Zangu amezipitia yeye, isipokuwa kalenda, aliiruka. "Dada, kalenda ni sikukuu tu. Hata mtoto anazijua." Nikakubali. Tumechoka kama punda wa mizigo.

Keshokutwa asubuhi tunaitoa. Mfuko unaichukua saa sita mchana.

Jumanne, 14 Januari

Saa nne asubuhi Ingunn alipiga simu. Nyuma yake nilisikia mvua, kama mlango wa mbele uko wazi.

"Samahani kukusumbua. Nimemsomea ile karatasi yako wakati wa chai. Ananiambia umekosea."

"Amesema nini hasa?"

"Nilisoma Jumapili ya Matawi, nikasoma Ijumaa Kuu. Akanishika mkono. Anasema, 'Alhamisi iko wapi? Huyo Borghild ameiweka wapi Alhamisi?'"

Nilikuwa nimesimama. Nikakaa. Mtego wangu wa Novemba. Niliutega, mambo yakaharibika, nikausahau umo ndani, na kile kipimo nilichokizima kimebaki kimezimwa. Kesho saa sita mchana ungeingia kwenye pensheni za pwani nzima, na hakuna mashine wala mtu ambaye angeuona. Tulikuwa tumeshasoma kila kitu.

"Mwambie yuko sahihi," nikasema. "Mwambie ni kosa kubwa, na ni langu, na ameliona yeye peke yake. Ingunn, amelionaje?"

Akapunguza sauti.

"Hajaliona kwenye karatasi," akasema. "Anafikiri ni leo. Amevaa buti na mkoba wa mlimani, amekaa kwenye ngazi za nje tangu saa mbili. Ananiuliza tunasubiri nini, kwa nini hatuendi kibandani. Simwezi, Borghild. Hataki kuingia ndani."

Nimeirudisha Alhamisi. Nimewasha kipimo, kimepita. Mahali pa maelezo nimeandika: *Kosa la Borghild. Limeonwa na Torgeir Hauso.* Eivind ameidhinisha bila swali, nami nikamwandikia kwamba siku nyingine aulize.

Sasa navaa koti. Ingunn anasema sweta yake imeloa yote, na machungwa amekwisha kuyatia mkobani.